Saa Moja ya Anga katika Picha 109

Niliielekeza kamera mashariki, juu ya bahari ya Bagamoyo, usiku wa giza mwezi Novemba. Katika picha iliyokamilika nyota zinapanda kutoka majini kama nyuzi za mtande. Za katikati, zikiwemo zile tatu za Orioni zilizojipanga, zimenyooka kabisa na kuinama kidogo tu kushoto. Za kushoto zinapinda kuelekea kaskazini, za kulia kuelekea kusini.

Kila anayeiona huniuliza ule mduara uko wapi. Tumezoea picha za Ulaya na Marekani, ambako nyota zote huzunguka nyota ya kaskazini, ile ambayo manahodha waliokwenda Arabuni waliijua kwa jina la Jaa. Lakini Bagamoyo iko digrii sita na nusu hivi kusini ya ikweta, na Jaa imezama chini ya upeo wa macho. Kitovu cha kusini kipo, ila kimeinuka digrii hizohizo sita na nusu tu, na upande ule kuna minazi, taa za mji, na mwangaza wa Dar es Salaam unaotanda kutoka kusini-mashariki. Nikachagua bahari. Anga la mashariki ni sura ya kwetu, watu wa karibu na ikweta, na mtu wa London hawezi kuipata akiwa kwake.

Sasa kazi yenyewe. Ningeweza kuifungua shata saa nzima, kama walivyofanya wapigapicha wa zama za filamu. Nilipiga picha 109 za nusu dakika badala yake, na sababu iko kwenye hesabu ndogo. Dunia inajizungusha digrii 15 kwa saa. Kwa lenzi yangu ya milimita 20 na kamera ya pikseli milioni 24, nyota iliyo juu ya ikweta hukaa kwenye pikseli moja kwa takriban sekunde nne, kisha inahamia ya jirani. Ukiifungua shata nusu dakika au saa nzima, mstari wa nyota hauongezeki mng'ao hata chembe. Unaongezeka urefu tu. Mwanga wa anga lenyewe, yaani taa za miji na ukungu wa bahari, hauhami. Unajaa palepale kwenye pikseli ileile, na katika saa moja unajaa mara 120 kuliko katika sekunde 30. Nyota ni mpita njia, anga ni mkaaji. Ndiyo maana picha ya saa nzima hutoka nyeupe kama maji ya mchele, nyota zimemezwa. Zaidi ya hapo, joto la usiku wa pwani hukipasha moto kihisi cha kamera, na picha inajaa chenga nyekundu na buluu.

Picha fupi zinapopandanishwa, programu huitazama kila pikseli katika picha zote 109 na kubakiza ile iliyong'aa kuliko zote. Haijumlishi. Anga linabaki na weusi wa nusu dakika, nyota inapata urefu wa saa nzima. Mimi hutumia StarStaX ya Markus Enzweiler, ambayo haina malipo na inaimaliza kazi hii kwa dakika chache.

Penye kuharibika ni katikati ya picha na picha. Mara yangu ya kwanza niliiweka rimoti ya kuhesabu muda ipige kila baada ya sekunde 31, nikiamini nimeacha sekunde moja ya kupumua. Nyumbani nilipoikuza picha nikakuta kila nyota imekuwa mshono wa cherehani: pikseli nane za mwanga, saba za giza, nane za mwanga. Picha zilikuwa nusu ya nilizotarajia. Ilinichukua siku mbili kuelewa. Kwenye kamera nyingi, namba 30 iliyoandikwa kwenye kioo ni sekunde 32, kwa sababu muda hupanda kwa kujirudufu: 1, 2, 4, 8, 16, 32. Rimoti ilipoagiza kwenye sekunde ya 31, shata ilikuwa bado wazi, agizo likapotea, kamera ikasubiri agizo la sekunde ya 62. Sasa naweka 33. Pengo la sekunde moja ni robo ya pikseli, na jicho halilioni. Pia nazima ule usafishaji wa chenga wa ndani ya kamera, maana baada ya kila picha huifunga kamera kwa muda uleule wa picha, na mshono unarudi.

Mwaka 2012 mwanaanga Don Pettit alitumia njia hiihii katika Kituo cha Kimataifa cha Anga: picha za sekunde 30, kisha kupandanisha. Kule kituo kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, na nyota zinaonekana kugeuka digrii nne kila dakika. Safari ya nyota niliyoingoja saa nzima ufukweni, yeye aliipata kwa muda usiofika dakika nne, na chini yake taa za miji zikachora mistari yao.

Usiku wa giza ni usiku wa bamvua. Saa tatu maji yalikuwa yakikupwa, mchanga ulioachwa unadidimia chini ya stendi, kwa hiyo niliisimamisha juu, penye mchanga mkavu. Umande ndio adui mwingine: nilikuwa nikiipangusa lenzi ndani ya ile sekunde moja, na mara mbili nilichelewa. Ndege tatu zilipita. Niliziondoa kwa kupaka rangi nyeusi juu ya mistari yao katika picha husika, kwa kuwa weusi haushindi chochote katika upandanishaji.

Chini kabisa, pale bahari inapokutana na anga, kuna mistari mifupi ya manjano. Ni taa za wavuvi wa dagaa, ambao nao husubiri giza la mwezi. Mmoja alitulia saa nzima, na taa yake imekuwa doa nene linalotikisika kwa mawimbi. Hizo sikuzipaka rangi.