Vifundo Visivyoshikika

Miongoni mwa mafundi wa zama hizi ambao kazi zao hutumiwa na halaiki ya watu, na majina yao hayatajwi na yeyote, namtanguliza msanifu wa uso wa sintesaiza ya kompyuta: yule ambaye, baada ya mwandishi wa programu kumaliza hesabu zinazozaa sauti, hukabidhiwa kioo kitupu akaambiwa apange humo vifundo, vitufe na taa, ili mwanamuziki asiyejua hata moja ya hesabu zile apate kuitawala sauti kwa jicho na mkono. Wengi huidhania kazi hii kuwa pambo. Mimi nashikilia kwamba ala aipigayo mwanamuziki ni uso huo hasa, na kwamba hesabu zilizo nyuma yake, ziwe bora namna gani, ni bubu kwa mtu asiyeona pa kuzishika.

Ushahidi tunao tangu zama za ala za chuma. Uso wa Minimoog Model D, iliyotoka Marekani mwaka 1970, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia: kwanza osileta tatu zinazozaa sauti, kisha mahali pa kuzichanganya, kisha kichujio pamoja na vifundo vya kupanda na kufifia kwa sauti, na mwisho njia ya kutokea, hata mgeni wa ala hiyo, akiufuata kwa kidole, huwa amekwisha kufunzwa safari nzima ya sauti pasipo mwalimu. Yamaha DX7 ya mwaka 1983 ilibeba elimu kubwa, ile ya FM, yaani osileta moja kuitikisa nyingine, aliyoivumbua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, lakini usoni iliachiwa vitufe bapa, kioo kidogo cha herufi na kidhibiti kimoja cha kusukuma cha kubadilishia thamani zote. Basi wengi wa walioinunua wakaridhika na sauti zilizotoka nazo kiwandani, wala siwalaumu. Baadaye programu ya FM7 ya Native Instruments iliitandaza elimu ile ile juu ya kioo cha kompyuta, ikaonyesha waziwazi osileta ipi inaitikisa ipi, na fumbo likapungua ingawa hesabu haikubadilika.

Lakini ustadi wenyewe umejificha katika mambo madogo, na hakuna dogo lenye mengi kuliko kifundo cha kichujio, kile kinachoweka mpaka wa masafa yapitayo. Sikio la binadamu husikia tangu hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi, yaani oktava kumi kwa makadirio. Msanifu asiye na maarifa akigawanya masafa hayo sawasawa juu ya mzunguko wa kifundo, nusu nzima ya mzunguko, tangu hezi 10,000 kwenda juu, itamezwa na oktava moja tu, ambayo ndani yake hamna ila mnong'ono wa matoazi, ilhali oktava tisa zenye uhai wa muziki zitasongamana katika nusu iliyobaki, na zile za besi zitapitwa kwa mguso mmoja wa kidole. Fundi stadi hugawanya kwa uwiano, kila hatua ikizidisha badala ya kujumlisha, hata katikati ya mzunguko ikaangukia hezi 632 hivi, na mkono ukahisi kwamba kifundo kinatii. Mpigaji hatalijua hilo kamwe, na kutolijua kwake ndiyo sifa ya fundi.

Tena kifundo kilichochorwa hakizungushwi. Kipanya kikisukumwa kwa duara huleta adha. Kwa hiyo imekuwa ada kukiburuta juu na chini, huku kitufe kimoja cha kibodi kikishikiliwa ili mwendo uwe wa taratibu zaidi, na kubonyeza mara mbili kukikirejesha kifundo kwenye thamani yake ya awali. Kivuli chini ya kifundo nakikubali, maana huliambia jicho kwamba hapa pana kitu cha kugeuzwa. Parafujo zichorwazo pembeni, zisizoshikilia chochote, na kutu ya bati ambalo halikupata kuwapo (nimeziona nyingi, nyingine zimechorwa kwa ufundi wa kustaajabisha), hizo naziita hadaa, tena hadaa inayokula nafasi ya maandishi yasomekayo.

Lakini kioo kinaweza jambo lisilowezwa na chuma, na hapo ndipo Massive, programu ya mwaka 2006, ilipoonyesha njia. Humo mwanamuziki huiburuta alama ya osileta ya polepole, ile inayoyumbisha sauti badala ya kuizaa, na kuidondosha katika nafasi iliyo chini ya kifundo, na akiisha kupanga kiasi chake huchorwa pete ya rangi kukizunguka kifundo kile, ikibainisha kitayumbishwa kutoka wapi mpaka wapi. Kifundo cha chuma huonyesha mahali kilipoachwa na mkono, basi. Hiki cha kuchorwa huonyesha pia mahali sauti itakapokwenda baada ya mkono kuondoka, na fundi aliyekwisha kuliona hilo hana haja tena ya kuiga parafujo.