Kulipia Njia ya Kasongo: Kutoka Mkataba wa 1876 hadi Namba ya Gari

Oktoba 1876 Henry Morton Stanley aliingia Maniema, mashariki mwa Kongo ya leo, akitokea Ujiji kwa njia ya Kabambare, akamkuta Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, katika nchi ya Kasongo. Stanley alitaka kuufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini, kwenye misitu ambayo wapagazi wake waliiogopa. Makubaliano yao yaliandikwa na kutiwa sahihi. Tippu Tip na watu wake wenye bunduki wangemsindikiza kwa miendo 60, kila mwendo wa saa 4, ndani ya miezi 3, kwa dola 5,000.

Aliyewahi kununua kibali cha kupita barabara kuu za Ulaya atautambua mkataba huu mara moja. Una muda, una umbali, una bei, na jina la mwenye kupita limeandikwa. Mkongomani anayeishi Brussels akitaka kwenda kwa gari lake kuwaona ndugu zake Geneva, anafungua tovuti ya serikali ya Uswisi, anachagua nchi gari liliposajiliwa, anaandika namba yake na kulipa faranga 40 za Uswisi. Nchi hiyo ilianza kudai stika ya kubandika kwenye kioo mwaka 1985, na tangu tarehe 1 Agosti 2023 mtu anaweza kuchagua kibali cha kidijitali kisicho na karatasi. Hungaria ilitangulia sana, kwani tangu 2008 inaitumia namba ya gari kuwa ndiyo stika yenyewe.

Katika safari ndefu bei si jambo gumu kuliko yote. Ugumu mkubwa uko katika swali la mtu wa mbele: yule atakayekusimamisha kesho atajuaje kwamba jana ulilipa? Njia ya kutoka pwani hadi Kasongo ilihangaika na swali hilo katika karne ya 19, na ukiichambua kituo kwa kituo unaona mahali gani mfumo ulishikamana na mahali gani ulikatika.

Tuanze na Ugogo. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Usagara na Mpwapwa, ukavuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka, kisha ukaingia Ugogo. Upande wa pili ulingojewa na Mgunda Mkali, pori jingine la kiu, kabla ya kufika Unyanyembe. Katikati ya majangwa hayo mawili ndiko watemi wa Kigogo walikokaa na visima vyao na ghala zao za mtama. Hawakuhitaji kujenga boma la kuzuia njia. Msafara wa mamia ya wapagazi haungeweza kupita bila kununua nafaka na kuteka maji, na hakuna aliyeuziwa kitu kabla hongo, yaani ada ya kupita, haijalipwa. Kwa hiyo msafara ulipiga kambi nje ya tembe, ukatuma wajumbe, mtemi akataja kiasi chake, wajumbe wakakipunguza, na siku zikaenda huku chakula kikiisha kambini. Kila siku ya kungoja ilimpa mtemi nguvu zaidi.

Malipo yalifanywa kwa nguo, ushanga na waya wa shaba. Nguo zilipimwa kwa doti, na doti moja ni shuka mbili, yaani yadi 4. Merikani, nguo ya pamba iliyotoka Salem, Massachusetts, ilipendwa kwa uimara wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba, nguo za India zikaichukua nafasi yake sokoni. Kaniki ilikuwa ya bei ya chini. Fedha hiyo ilibebwa mgongoni, na mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, takriban kilo 32. Kadiri vituo vya kulipia vilivyoongezeka ndivyo ulivyohitaji wapagazi zaidi wa kubeba nguo za kulipia, na wapagazi hao nao wakataka chakula, na wingi wao ukampa mtemi sababu ya kupandisha kiasi. Mtu anayelipa kwa simu leo haubebi mzigo huu, na kwa maoni yangu faida ya kwanza ya malipo ya kidijitali ni hiyo, kabla hata ya wepesi wa kubonyeza.

Hata hivyo Ugogo palikuwa na utaratibu. Wafanyabiashara wa pwani walijua watemi wakubwa ni akina nani na kila mmoja alizoea kuchukua kiasi gani. Misafara midogo iliungana, ikachagua msemaji mmoja mzoefu, ikalipa pamoja na kugawana gharama. Na mtemi akishapokea, alitimiza: visima vilifunguliwa, soko likaanza. Risiti ya Ugogo ilikuwa maji. Ila risiti hiyo ilikwisha kwenye mpaka wa mtemi, na kwa jirani yake ukaanza upya kama mgeni ambaye hajawahi kulipa popote.

Uha, nchi ya mwisho kabla ya Ujiji, ndipo kasoro hiyo inapoonekana waziwazi. Mwishoni mwa 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, alisimamishwa na Mionvu, mtware (mkuu) wa Kimenyi, akatakiwa doti 100. Wakabishana mpaka 75, yaani yadi 300 za nguo kwa ruhusa moja. Alidhani amemaliza. Baadaye kidogo akasimamishwa tena, akatakiwa doti 30 nyingine, akaambiwa kwamba mbele bado wako wengine wanaongoja. Alipopiga hesabu aliona nguo zake zitakwisha kabla ya kuliona ziwa Tanganyika. Akatafuta mtu wa kumwongoza, akauondoa msafara usiku kimyakimya kupitia porini, na hivyo ndivyo alivyofika Ujiji.

Uamuzi ule ulikuwa wa kihesabu. Mfumo wa kulipia njia unapokosa kikomo kinachojulikana, mlipaji mwaminifu hugeuka mtoro. Kila mwenye kituo alijali pato lake la siku ile na hakuna aliyejali jumla ya njia nzima. Matokeo yake wote waliokuwa mbele wakakosa hata kidogo ambacho wangepata kama jumla ingekuwa ndogo na inajulikana.

Mwaka huohuo mambo yaliharibika zaidi kati ya Tabora na Ujiji. Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, aliusimamisha msafara uliokuwa ukielekea Ujiji, akadai baruti, bunduki na marobota ya nguo, akalipwa, kisha akauamuru urudi ulikotoka. Nyuma yake palikuwa na magomvi makubwa na Waarabu wa Unyanyembe kuhusu nani mwenye kuitawala njia, na vita vilivyofuata vilikata biashara kwa miaka. Kwa mchambuzi tukio hilo lina fundisho lake la kiufundi: malipo yalifika, huduma haikutolewa, wala hapakuwa na mtu wa tatu wa kupelekewa shauri.

Ng'ambo ya Tanganyika, kuanzia Mtowa, kupita Uguha hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe, hesabu ilibadilika kabisa, na hapa inatupasa tuseme wazi. Misafara iliyolalamikia hongo Ugogo haikulipa namna hiyo Maniema, kwa sababu huku ilikuja na bunduki nyingi na kugeuka yenyewe kuwa mwenye njia. Wenyeji wa vijiji ndio waliolipa, kwa pembe za ndovu, kwa chakula, na kwa watu wao waliochukuliwa utumwani. Livingstone alikaa Kabambare kati ya 1869 na mwanzo wa 1871, muda mwingi akiwa mgonjwa wa vidonda vya miguu, na shajara zake zimejaa habari za vijiji vilivyochomwa. Julai 1871 alishuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe. Wazee wetu hawakuwa na kibali cha kumuuzia mpita njia, wala hakuna aliyewauliza kama apite.

Turudi basi kwenye mkataba wa 1876, kwa kuwa ndio ulioahidi kulitibu tatizo la Uha: bei moja, msimamizi mmoja, njia nzima. Msafara uliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba. Msitu ukawa mzito, ndui na njaa vikawapata watu, na kabla mwezi haujaisha Tippu Tip akataka kurudi. Wakakaa kujadiliana upya: miendo 20 zaidi kwa dola 2,600. Mwishoni mwa Desemba wakaagana, Stanley akaendelea na mto hadi bahari ya Atlantiki.

Kuhusu bei ya awali, vitabu vyao viwili havikubaliani. Stanley ameandika dola 5,000. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili na ambayo Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, anataja 7,000, na analalamika kwamba ahadi haikutimizwa. Waliokuwepo ni hao hao, makubaliano ni yale yale, lakini kumbukumbu zinatofautiana kwa dola 2,000. Karatasi ilikuwepo, ila kila mmoja alibaki na masimulizi yake, na hapakuwa na daftari la tatu lililowekwa mahali ambapo wote wawili wangelikubali.

Daftari hilo la tatu ndilo hasa mnunuzi wa kibali cha kidijitali analolipia. Anapoandika namba ya gari, hakabidhiwi kitu cha kuonyesha. Namba inaingizwa kwenye hifadhi ya data, kamera au kifaa cha mkaguzi kinasoma namba za magari yanayopita, kompyuta inalinganisha. Askari wa mpaka mmoja na askari wa mji mwingine wanasoma orodha ileile. Mnunuzi akikubali, hata mtu baki anaweza kuingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Uswisi akaona kama kibali kipo. Asiye nacho hutozwa faini ya faranga 200, na akiona ameonewa ana mahali pa kukata rufaa. Udhaifu wa mfumo uko kwenye herufi: ukiandika O mahali pa sifuri, au ukichagua nchi isiyo yako, umelilipia gari lisilokuwepo. Uko pia kwa madalali wa mtandaoni wanaojifanya ofisi rasmi na kuongeza bei yao juu. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ninaompa ndugu anayesafiri ni kwamba anunue kwenye tovuti ya serikali yenyewe, asome namba akiwa na kadi ya gari mkononi, na ahifadhi uthibitisho hata baada ya safari kwisha.

Sasa tuitazame njia ya leo kutoka Kasongo kwenda Kabambare, na kutoka hapo kwenda Lulimba, Fizi na Baraka ziwani. Chumvi, sabuni na nguo huingia kwa pikipiki na kwa baiskeli za toleka, mchele na mafuta ya mawese hutoka. Dhahabu ya Namoya na Salamabila imeongeza watu njiani, na imeongeza wenye silaha vilevile. Kongo inayo sheria ya kulipia barabara: Mfuko wa Taifa wa Matengenezo ya Barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya Julai 2008, na mapato yake hutoka kwenye mafuta ya magari na kwenye vituo vya peaji. Lakini mashariki mwa nchi peaji halali ni kamba moja tu kati ya nyingi zinazofungwa barabarani. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya utafiti ya Ubelgiji, walihesabu bariera 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, na kila mwenye kamba hutoza kwa niaba yake, awe mwanajeshi, polisi, wakala wa chefferie (utawala wa kimila) au kundi la waasi. Jetoni, yaani risiti, unayopewa kwenye bariera moja haina thamani kwenye bariera inayofuata. Ni Uha ya 1871, na mfanyabiashara wa leo anafanya hesabu ileile ya kutafuta njia ya usiku.

Je, kibali cha kidijitali kingefaa hapa? Kwa upande wa ufundi, kinawezekana kuliko watu wanavyodhani. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinafahamika, kwa hiyo mwendesha pikipiki anaweza kulipa akiwa bado mjini Kasongo, penye mtandao. Njiani mtandao unakatika, lakini msimbo wa mraba wenye saini ya kidijitali unaweza kuhakikiwa na simu ya wakala bila intaneti yoyote, mradi simu hiyo imewekewa ufunguo wa kusomea mapema. Msimbo ukibeba namba ya pikipiki na tarehe, kuupiga picha na kumpa mwingine hakusaidii. Wakala akirudi penye mtandao, orodha ya waliopita inapanda yenyewe makao makuu, na fedha iliyoingia inaweza kulinganishwa na idadi ya vyombo.

Ugumu wote uko kwa anayesimama kwenye kamba. Simu haimlazimishi mwenye bunduki kuukubali msimbo. Kwa hiyo mpangilio lazima uanze na idadi ya vituo: kimoja Kasongo, kimoja Kabambare, vingine vyote viondolewe kwa amri inayotekelezwa, na anayelinda usalama alipwe mshahara wake kwa wakati ili asiishi kwa kamba. Bila hilo, kibali cha kidijitali kitakuwa malipo ya ziada juu ya yale yaliyopo, na mfanyabiashara atakuwa amelipa Kasongo kwa simu na kulipa tena kila kijiji kwa noti.

Lipo pia suala la nani anaweza kusajiliwa. Kibali cha Ulaya kinategemea namba ya gari, na pikipiki nyingi za huku hazina namba. Kuzisajili ni kazi inayotangulia, na ada yake lazima iwe ndogo, la sivyo wenye pikipiki wataikimbia. Baiskeli haitakuwa na namba kamwe. Mtu wa toleka anayesukuma mitungi ya mawese kwa siku kadhaa haiharibu barabara, na mara nyingi ndiye anayefukia mashimo ili apite. Huyo aondolewe kabisa kwenye orodha ya wanaolipa, na jambo hilo liandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa kila bariera, pamoja na bei za wengine, kabla simu ya kwanza ya wakala haijanunuliwa.