RSI Ikifika 75, Kimepimwa Nini?

Hisa zikipita 70 kwenye RSI, kiashirio cha mwendo wa bei, husemwa zimenunuliwa kupita kiasi. Zikishuka chini ya 30, zimeuzwa kupita kiasi. Wengi huelewa kwamba bei imekuwa ghali au rahisi, wakauza au kununua papo hapo. Hesabu yenyewe haisemi hivyo, na ni vyema kila mwenye fedha zake sokoni aifuate walau mara moja kwa kalamu.

RSI ilibuniwa na J. Welles Wilder, Mmarekani aliyekuwa mhandisi mitambo, akaichapisha mwaka 1978. Alitumia bei za kufunga za vipindi 14, kwa kawaida siku. Jumlisha shilingi zote ambazo bei ilipanda katika siku hizo, ugawe kwa 14. Fanya vivyo hivyo kwa shilingi ilizoshuka. Kisha gawa wastani wa kupanda kwa wastani wa kushuka.

Tuseme hisa ilipanda jumla ya shilingi 21 na kushuka jumla ya shilingi 7. Wastani ni 1.5 na 0.5, na uwiano wake ni 3. Ongeza 1 upate 4. Gawa 100 kwa 4 upate 25. Toa 25 katika 100. RSI ni 75. Sasa chukua hisa nyingine iliyopanda shilingi 2.10 na kushuka senti 70: nayo ni 75. Kinachopimwa ni uzito wa kupanda ukilinganishwa na kushuka. Thamani ya kampuni haimo.

Baada ya wastani wa kwanza, Wilder hakuanza upya kila siku. Alizidisha wastani wa jana kwa 13, akaongeza badiliko la leo la upande huo (sifuri kama halipo), akagawa kwa 14. Hisa yetu ya kwanza ikishuka shilingi 3 kesho, wastani wa kupanda unakuwa 1.39 na wa kushuka 0.68, na RSI inateremka hadi 67. Imerudi chini ya 70, lakini nguvu ya kupanda bado ni maradufu ya ile ya kushuka. Ndiyo maana hisa iliyo katika mwendo imara wa kupanda inaweza kukaa karibu na 70 kwa wiki nyingi, huku aliyeuza mapema akibaki kuitazama.

Na bei isipobadilika kabisa? Wastani zote mbili hupungua kwa kiwango kilekile, uwiano unabaki 3, RSI inabaki 75. Jambo hili linatuhusu sana, kwa kuwa katika masoko ya hisa ya Dar es Salaam na Nairobi zipo hisa zinazopitisha siku kadhaa bila bei kusogea. Hapo 75 ni kumbukumbu ya mauzo ya zamani, wala si habari ya wanunuzi wa leo.

Kwa hiyo, kabla ya kutii mstari wa 70, angalia mambo mawili: kama bei iko katika mwendo mrefu wa kupanda au inazunguka palepale, na kama hisa hizo zinauzwa na kununuliwa kila siku. RSI hufaa zaidi pale bei inapozunguka na miamala ni mingi. Kwingineko, isome kama kipimo cha kasi, na uamuzi wa ghali au rahisi uutafute kwenye hesabu za kampuni.