Kamera Iliyokaa Kitako

Filamu nyingi za hali halisi kuhusu Zanzibar siku hizi huanza angani. Droni inapaa kutoka Forodhani, inapita juu ya mabati yenye kutu ya Mji Mkongwe, inalizunguka kanisa la Minara Miwili, kisha muziki unapanda na msimulizi mwenye sauti nzito anatwambia kuwa hapa ndipo kisiwa cha karafuu, masultani na watumwa. Kufumba na kufumbua tuko Paje, mama wa mwani kainama majini. Hakuulizwa jina. Baada yake watoto wanajirusha baharini, picha imepunguzwa mwendo, matone yanametameta. Hapo mimi huwa nishasimama kutafuta viatu vyangu.

Mimi si mtaalamu wa filamu. Ni mtazamaji wa kawaida, mtu wa kukaa mbele ya skrini baada ya Isha na kusema maneno mengi kuliko anayojua. Lakini nimezitazama za kutosha kuhusu kwetu na majirani zetu, na nina la kusema juu ya ipi mtu aipe saa yake na ipi aiache ipite.

Kuna filamu moja ya angani ambayo siwezi kuipenda wala kuisahau. Inaitwa Africa Addio, ya mwaka 1966, kazi ya Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Januari 1964, katika siku za Mapinduzi, walipiga picha Unguja kutoka juu: watu wakikimbilia pwani, misururu ya mateka, maiti zilizolala. Kumbukumbu nyingine ya namna ile, ya picha zinazotembea, ni shida kuipata. Mtu wa hapa akiitazama hujikuta anaisogelea skrini. Yule mwenye kanzu nyeupe ni nani? Mtoto wa nyumba gani? Skrini haina jibu, maana waliokuwa juu hawakuwa na haja ya jibu. Sehemu kubwa ya filamu iliyobaki imejaa dharau kwa Mwafrika, na msimulizi anakejeli anapotakiwa kunyamaza. Mwenye kuandika historia aitazame hiyo sehemu yetu, tena azime sauti. Mwingine yeyote asijisumbue.

Basi ninachokisifu mimi ni ufundi wa kukaa kitako. Fundi wa filamu ya hali halisi anayestahili jina hilo huiteremsha kamera, akaiweka usawa wa macho ya anayezungumza, akangoja. Hungoja mpaka mwenyeji achoke kujipamba. Humwacha mtu amalize sentensi yake, hata ile inayokwenda mbali na kurudi imechoka. Ni kazi ya subira, na mara nyingi haionekani kuwa ni kazi.

Anayetaka kuuona ufundi huo ukiwa mtupu, bila kitu cha kuufunika, aitafute These Hands, ya mwaka 1992. Aliyeitengeneza ni Mtanzania, Flora M'mbugu-Schelling. Urefu wake ni kama dakika 45. Wanawake waliokimbia vita Msumbiji wanaponda kokoto kwenye machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam. Ndiyo filamu yote hiyo. Hakuna msimulizi wa kutufafanulia umasikini. Nyundo inagonga jiwe, inagonga tena, na tena, mpaka mtazamaji anaanza kukereka na kujiuliza lini jambo litatokea.

Kukereka huko ndiko kulikonifunga. Mara ya kwanza nilitaka kuizima. Halafu nikaona naangalia vidole, namna mkono mmoja unavyolishika jiwe na kujitoa upesi kabla nyundo haijashuka, namna macho yasivyoufuata mkono kwa sababu mkono umeshajua njia. Bega langu likaanza kuuma. Watoto wako pale pale, katikati ya vumbi, kwa sababu hakuna kwengine pa kuwaweka. Na wanawake wale wanapoimba, wimbo huo haukupachikwa na mtu chumbani. Umetoka kwao, pale kwenye mawe, na mtu aliyekwisha sikiliza nyundo muda wote ule anaupokea kwa namna nyingine kabisa. Msimulizi angetuambia kuwa kazi ile ni nzito. Bi Flora ametufanya tuikalie. Tangu siku hiyo sipiti penye fungu la kokoto bila kuangalia kama kuna mtu nyuma yake.

Unyamavu katika filamu ni kama matundu ya kofia ya mkono: ndiyo nakshi yenyewe, ukiyaziba umebaki na kitambaa cheupe kilichojaa uzi. Waongozaji wengi wanayaziba kwa muziki.

Kwetu hapa, kazi iliyokaribia zaidi subira hiyo ni ile aliyofanyiwa mwimbaji Bi Kidude, As Old as My Tongue, ya Andy Jones, 2006. Fatuma binti Baraka, ndiye Bi Kidude mwenyewe, hakuwa mtu rahisi wa kuwekwa kwenye fremu. Umri wake hakuna aliyeujua kwa hakika, naye hakuona haja ya kuutolea hesabu. Anavuta sigara yake, anapiga ngoma, anakwenda Ulaya kuimba, anarudi kwao kama aliyetoka Darajani kununua samaki. Mwongozaji amemfuata bila kumsukuma. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, wengi tuliigeukia filamu ile kwa jicho jengine, kwa sababu mle ndani bado alikuwa akicheka na kukatiza watu maneno. Jones akatoa nyingine mwaka 2015, I Shot Bi Kidude, juu ya miezi yake ya mwisho na mvutano wa nani awe karibu naye. Hiyo ya pili inanipa wasiwasi, mwongozaji anaingia mno katika habari ya wenyewe. Hata hivyo itazame, baada ya ile ya kwanza.

Zanzibar Soccer Queens ya Florence Ayisi, 2007, nayo ni ya kutazama. Inawahusu wasichana wa timu ya Women Fighters na mpira wao katika mji uliojaa macho na midomo, na wanajieleza wenyewe. Mpenzi wa taarabu asiikose Zanzibar Musical Club ya Philippe Gasnier na Patrice Nezan, 2009, wala ile ya Ron Mulvihill juu ya karne ya Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoanzishwa mwaka 1905. Ukivuka kwenda pwani ya Kenya, nenda moja kwa moja kwenye The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, 2019: bibi anatuhumiwa uchawi, na nyuma ya uchawi kuna shamba. Hakuna anayepiga kelele katika filamu ile, na ndiyo maana inatisha. Softie ya Sam Soko, 2020, juu ya mwanaharakati Boniface Mwangi na gharama anayoilipa mkewe na watoto, ilipewa tuzo ya uhariri huko Sundance. Ilistahili.

Darwin's Nightmare, ile ya sangara wa Ziwa Viktoria, sijui niiweke wapi. Hubert Sauper aliitoa mwaka 2004, ikafika mpaka kwenye orodha ya Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Watu wa Mwanza waliandamana. Picha za mapanki, yale mabaki ya sangara yakianikwa, haziondoki kichwani, na ufundi wake haukanushiki. Lakini fundi huyo alikwenda ziwani na jibu lake tayari mfukoni, akatafuta picha za kulijaza. Ukiitazama, mtafute mtu wa Mwanza ukae naye, mbishane hadi usiku.

Sauti ile nzito ya msimulizi, inayotueleza sisi kwa sisi, ina ukoo wake. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la sinema za kumfundisha Mwafrika kilimo, afya na kuweka akiba. Baadaye wataalamu wa sinema za kikoloni wakashikilia kwamba mtazamaji wa huku hawezi kufuata picha ya haraka, lazima aelezwe taratibu kama mtoto. Wakati huohuo huku Unguja watu walikuwa wakijaza majumba ya sinema, wakifuata filamu za Kihindi, lugha wasiyoijua, wakatoka wanaimba nyimbo zake. Hayo wataalamu hawakuyatia katika ripoti. Mkoloni aliondoka, msimulizi akabaki.

Na hapa linakuja linaloniuma. Zirudie zile filamu nilizozisifu kuhusu Zanzibar. Mwingereza, Wafaransa, mama wa Kikameruni, Mmarekani. Nawashukuru wote, walikuja wakakaa. Lakini visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri ya kwake mpaka miaka ya 1990. Tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, tunalo tangu mwaka 1998, na watu wametoka pembe zote kuja kuonesha kazi zao Ngome Kongwe. Nakumbuka usiku wa pale: ukuta mkubwa nyuma ya skrini, upepo wa bahari unaitikisa picha, adhana inaingia katikati ya maneno ya mtu wa Dakar au Bombay na hakuna anayeona ajabu. Tulikalia ngazi za mawe hadi mapaja yakafa ganzi. Tukapiga makofi. Tukarudi majumbani, na tulio wengi hatukushika kamera.

Hata jumba la sinema la Majestic pale Vuga tuliliacha paa likaanguka. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba la Beit el Ajaib nayo ikaporomoka, watu wakafa, na siku ile kila mtu alikuwa akitafuta katika simu yake picha ya lile jumba likiwa zima. Zilipatikana nyingi. Karibu zote zilipigwa kwa mbele, kutoka bustanini, mtu kasimama anatabasamu. Wangapi walimkalisha kitako mlinzi wake, fundi chokaa wake, mzee aliyefanya kazi ndani yake tangu ujanani?

Nina kijana mmoja jirani yangu, mpiga video za harusi, hodari kwelikweli. Siku moja alinionesha kazi aliyokuwa akiihariri. Bibi mmoja, jamaa ya bwana harusi, alikuwa akieleza namna alivyopambwa yeye siku yake: nani alimsinga, udi gani ulifukizwa, nani alilia. Akafika mahali akanyamaza. Kijana akakata pale pale, akaweka wimbo juu, bibi akageuka picha ya mdomo unaotembea bila sauti.

"Mbona umemnyamazisha?" nikamuuliza.

"Ami, watu hawana subira. Wanataka dakika tatu za kupeleka kwenye simu."

Sikumlaumu, mteja ndiye anayelipa. Lakini fikra yangu ilikwenda kwenye kanda za VHS za zamani, zile tulizokuwa tukizicheka kwa urefu wake. Mpiga video wa wakati ule hakuwa na mashine ya kukatia. Aliiwasha kamera akaiacha. Kwa hiyo ndani yake mna biriani inapakuliwa, mashangazi wanagombana juu ya sahani, mzee anaitwa kwa jina la utotoni, mtu anasimulia habari ya mtaa ambao leo ni maduka. Lahaja yenyewe mle imetulia, maneno ambayo wajukuu hawayatamki tena. Watu wale hawakujua ufundi, lakini waliikalisha kamera kitako, na sasa kanda zao zina Unguja ndani yake kuliko filamu yoyote iliyopigwa na droni.

Kanda hizo zinaoza. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, ukungu unaingia, utepe unagandana, na ukishagandana haufunguki. Kama kwenu iko moja, chini ya kitanda au juu ya kabati, usiitupe na usimpe mtu mwenye haraka. Ihamishwe yote, pamoja na kelele zake. Na kabla ya hapo, mkalishe mkubwa wa nyumba aitazame, umuulize majina ya waliomo, uyaandike.