Wimbo wa Bach uko wapi?

Kijana mmoja wa Nyangwe, mpigaji wa likembe, aliniuliza swali ambalo halijaniacha tangu siku ile. Tulikuwa tumekaa ukingoni mwa Lualaba, nami nikamsikilizisha katika simu Ave Maria ya Gounod, ile iimbwayo mara nyingi kwenye misa za ndoa. Akaipenda. Kisha nikamwekea kipande cha piano kilicho chini ya wimbo ule, yaani Prelude ya kwanza ya Johann Sebastian Bach, peke yake bila mwimbaji. Akakunja uso. «Mwalimu,» akasema, «wameondoa wimbo. Uko wapi?»

Wengi wetu tungeuliza vivyo hivyo, hata baadhi ya wapigaji wa kinanda kanisani. Bach alikuwa Mjerumani, wala hakuwa Mkatoliki. Prelude hii aliiweka mwanzoni mwa kitabu chake cha mwaka 1722, kwa ajili ya vinanda vya siku zile, kabla piano haijaenea. Mwaka 1853 Charles Gounod, Mfaransa aliyewahi kusomea upadri, akaweka juu yake wimbo wake mwenyewe wa violini. Maneno ya Kilatini ya Salamu Maria yakafuata mwaka 1859. Basi kwa miaka 131 kipande hiki kilijitegemea, wala hakuna aliyedai kwamba kimepungukiwa mwimbaji.

Walimu hufundisha ya kuwa muziki una mambo matatu ya msingi: mapigo, wimbo, na upatano wa sauti. Mapigo ya Bach hapa yanajulikana tangu kipimo cha kwanza. Mkono wa kushoto unagusa do na mi. Wa kuume unajibu sol, do, mi, halafu tena sol, do, mi. Ni sauti nane. Zinarudiwa mara moja, na kipimo kimekwisha. Huendelea hivyo karibu mpaka mwisho, vipimo 35 kwa jumla. Mpigaji wa likembe hana haja ya kuelezwa jambo hili. Vidole gumba viwili vinagawana mzunguko mmoja, nao unarudi na kurudi, huku sikio likingojea badiliko dogo. Sisemi kwamba vitu hivi viwili ni sawa. Katika likembe utamu mwingi umo ndani ya mapigo yenyewe. Bach ameyatuliza mapigo makusudi, tupate kusikia kitu kingine.

Kitu hicho ni upatano. Kila kipimo ni akordi moja, yaani sauti kadhaa zinazopatana, ila hapa zimetawanywa zilie moja moja. Akordi ya kwanza imetulia. Ya pili na ya tatu zinatutoa nyumbani, ya nne inaturudisha. Katika kipimo cha 6 kidole kinagusa kwa mara ya kwanza kibonyezo cheusi, fa diyezi, nasi tunajua kwamba sasa safari imeanza kweli. Usifuate tena sauti za juu. Fuata ile ya chini kabisa, besi. Inashuka ngazi kwa ngazi, mara ikiruka, mara ikisimama, na katika kipimo cha 19 imefika do nyingine, iliyo chini ya do ya mwanzo. Huo ndio wimbo aliokuwa akiutafuta yule kijana.

Na pahali pazuri kuliko pote ni vipimo vya 22 hadi 24. Besi inataka kutua kwenye sol. Lakini haiendi moja kwa moja: inagusa kwanza fa diyezi, chini kidogo ya sol, inaruka mpaka la bemoli, juu yake kidogo, ndipo inapotua. Ni kama mtumbwi uliopita mwalo upande huu, ukaupita upande ule, kisha ukaingia. Ikishatua, besi haiondoki kwenye sol muda wa vipimo vinane, na sauti za juu zinahangaika peke yao.

Hapa ndipo ninapomlaumu Gounod. Yeye alifuata nakala iliyotiwa kipimo cha nyongeza, ambacho wataalamu wanakihesabu kuwa kazi ya Schwencke wa Hamburg. Kipimo hicho kiliingizwa katikati ya fa diyezi na la bemoli, na besi yake ni sol! Mtumbwi umegusa mwalo kabla ya wakati, na kungoja kote kumepotea. Wimbo wa Gounod ni mtamu, nami sitaki uondolewe misani. Hata hivyo unavuta masikio yote juu, hata hakuna anayeona kwamba chini kumeharibika kitu. Na katika parokia moja, ambayo sitaitaja, nilisikia akordi hizi zote zimepunguzwa kuwa tatu, na ngoma ya mashine ikapigwa juu yake. Pale Bach alikuwa ameondoka, na Gounod vilevile.

Nilimwomba kijana asikilize tena, ameinamisha kichwa, akiifuata besi tu. Mara ya tatu akainua kidole penye sol, akakiacha juu muda wote wa vile vipimo vinane. Besi iliporudi kwenye do, kipimo cha 32, akakishusha. «Amefika,» akasema. Lakini juu si bemoli ilikuwa bado inalia, na vipimo vitatu vimebaki. Akasikiliza kidogo.

«Bado,» akasema.