Baba Kwanza, Binti Baadaye

Ukiisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi kwa haraka, utaifunga ukidhani umesoma kisa cha msichana aliyeharibika. Wengi waliisoma hivyo ilipotoka mwaka 1971. Ilitaja mambo ya mwili waziwazi mno kwa masikio ya wakati ule, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Mwandishi wake, mzaliwa wa 1944, alikuwa bado kijana aliyetoka chuo kikuu juzijuzi. Mimi huirudia kwa sababu nyingine kabisa: napenda kutazama jinsi alivyopanga mambo yake, lipi alilitanguliza na lipi alilichelewesha.

Ametanguliza barua. Rosa, binti wa Namagondo kisiwani Ukerewe (kijiji alichozaliwa Kezilahabi mwenyewe), anaandikiwa barua na kijana aitwaye Charles. Baba yake, Zakaria, mlevi asiyejua kulea ila kwa fimbo, anaigundua, na kipigo kinachofuata hakilingani hata kidogo na kosa. Ndipo ulipo ufundi. Barua ni jambo dogo, la kawaida kwa umri ule. Pengine Rosa angeisoma mara mbili tatu, akaificha, akaisahau. Adhabu ndiyo inayoikuza. Msomaji ndiyo kwanza anaanza kumfahamu msichana huyu, na tayari ameshajua kwamba nyumbani kwao kuandikiwa tu ni hatia.

Kezilahabi hasimami hapo kutuhubiria kuhusu malezi. Sentensi zake ni fupi, kavu, karibu na za mtu anayetoa taarifa, na anapita. Rosa anakwenda shule ya bweni Mwanza, na mwanzoni anawaogopa wavulana kuliko anavyoogopa mitihani. Mwandishi mvivu angemfanya mhuni tangu siku ya kwanza aliyoondoka machoni pa baba. Huyu anamwacha aogope kwanza. Ndama aliyefungwa kamba fupi tangu azaliwe, siku anayofunguliwa hubaki amesimama palepale. Mbio huja baadaye, na zikija hajui mpaka wa shamba uko wapi. Kwa hiyo tunapomkuta Rosa katika chuo cha ualimu Morogoro, mambo yakiwa yameshamwendea kombo, bado tumebeba ile barua vichwani. Hatuwezi kumlaumu peke yake hata tukitaka.

Kisha mwandishi anamrudisha Charles. Yuleyule ambaye Rosa alipigwa kwa ajili yake anakuja kutaka kumwoa, na akishajua kwamba si bikira anamkataa. Baba alimpiga kwa kushuku kwamba ameanza. Mchumba anamwacha kwa kuthibitisha kwamba alikwisha kuanza. Wanaume wawili, kipimo kimoja. Kezilahabi hatamki hilo popote kwa maneno yangu haya. Ameyaweka tu matukio hayo mawili, moja mwanzoni na jingine karibu na mwisho, akatuachia sisi tuunganishe. Baada ya vifo vinavyokifunga kisa cha Rosa anaipeleka hadithi mpaka kwenye hukumu ya ahera, na hapo, kwa maoni yangu, amefanya kazi ambayo mpangilio ulikuwa umeshaifanya. Lakini kwa kitabu cha kwanza cha mtu asiyefika hata miaka 30, sioni haja ya kumdai zaidi.

Ken Walibora alishika njia nyingine ya kumwandika kijana katika Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea, kijana aliyezaliwa Tanga na mama mwimbaji wa taarabu, anajisimulia mwenyewe, na anajisimulia kwa Kiswahili kilichopambwa: misemo, methali, tashbihi, msamiati wa kamusini. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba hakuna kijana anayezungumza vile. Kweli, katika kituo cha matatu hakuna. Lakini Kongowea ni mtoto anayeng'ara kwa kuandika insha, hata akabandikwa jina la Msanifu Kombo. Lugha yake ndiyo mali pekee aliyonayo. Yatima asiyemjua baba, anayevuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta, angejivunia nini kingine? Madoido yale ni sifa za kijana anayetaka aonekane amekua, na Walibora alimwachia ajitape. Haishangazi kwamba wanafunzi wa Kenya, kitabu kilipotahiniwa, waliyabeba maneno yake mpaka kwenye insha zao wenyewe.

Shafi Adam Shafi, katika Vuta N'kuvute ya 1999, hana hata haja ya lugha ya ujana. Anatupa umri. Yasmin ana miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mtu wa makamo wa kutosha kuwa baba yake, katika Unguja ya Mwingereza. Ukishauweka umri wa wawili hao ndani ya nyumba moja, kila kicheko cha shoga yake Mwajuma na kila ngoma ya mtaani inakuwa na uzito, bila mwandishi kueleza kwamba bibi arusi huyu bado anataka kucheza.

Hao wote watatu hawakuukimbilia msimu wa vijana, yaani mitindo ya nguo na misemo ya mtaani inayochakaa kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Walitafuta mahali ambapo mkubwa anaingia katika jambo la mdogo bila kubisha hodi. Anayeandika riwaya ya vijana leo ana kazi ngumu zaidi hapo. Barua ya Charles sasa ingekuwa ujumbe kwenye simu yenye nywila, na Zakaria angelala usingizi wake wa pombe asijue lolote. Labda angejua kupitia shangazi aliyeona picha mtandaoni, au kundi la WhatsApp la ukoo, ambamo watu 60 wangeshasoma kabla ya baba. Hapo kipigo kingekuwa na watazamaji, na Rosa angelazimika kuandikwa upya kabisa.