Vita vya Wageni, Ardhi ya Wenyeji: Kuusoma Upya Mwisho wa Peponi

Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1994. Tafsiri yake ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Mwalimu anayetafuta kitabu cha ziada cha kuwanoa watahiniwa wake katika uchambuzi wa wahusika atapata faida kubwa humu, hasa katika kurasa za mwisho, ambazo huwagawa wasomaji pande mbili kila zinaposomwa.

Tukumbushane kwa ufupi. Yusuf, kijana aliyetolewa na babake kuwa rehani ya deni, anajificha dukani pamoja na Khalil wakati askari wa Mjerumani wanapouvamia mji na kuwakamata wanaume ili wakabebe mizigo ya vita. Wawili hao wanachungulia kupitia nyufa. Msafara unapoondoka na mateka wake, Yusuf anatoka nje na kuona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa na askari. Anajiona yeye mwenyewe katika picha hiyo ya aibu. Anasikia mlango wa bustani ukifungwa kwa komeo. Kisha anakimbia kuufuata msafara uleule aliokuwa ameukimbia.

Wasomaji wa kundi la kwanza husema Yusuf ni msaliti: anajiunga na wanaowatesa watu wake. Wale wa kundi la pili humwona shujaa aliyekata minyororo ya utumwa wa Aziz, hata kama njia aliyoichagua ni ngumu. Maoni ya makala haya ni kwamba pande zote mbili zinakosea kwa namna moja. Zinachukulia kwamba vita vinavyokuja ni vya Yusuf, kwamba ana upande wake ndani yake, na hivyo anaweza kuusaliti au kuupigania. Matini haituruhusu kusema hivyo.

Hebu tuangalie jinsi vita vyenyewe vinavyoingia katika msuko wa riwaya. Havina mhusika anayevieleza. Vinakuja kama tetesi, habari inayosemwa barazani na kubebwa na wasafiri, kwamba Mjerumani na Mwingereza watapigana huko kwenye mpaka wa kaskazini. Hakuna mwenyeji hata mmoja katika riwaya anayejua ugomvi ni wa nini. Mwandishi angeweza kwa urahisi kutuwekea mhusika msomi wa kutufafanulia siasa za Ulaya, na waandishi wengi wangefanya hivyo. Hakufanya. Ukimya huo ni mbinu, na mtahiniwa anayeweza kuutaja ukimya kama ushahidi ana alama zake.

Kihistoria, tetesi hizo zilikuwa na msingi. Vita vilipozuka Ulaya Agosti 1914, Wajerumani waliuteka mji wa Taveta mwezi huohuo. Mwanzoni mwa Novemba Waingereza, kwa jeshi lililotoka Bara Hindi, walijaribu kuuteka mji wa Tanga wakashindwa vibaya. Kuanzia hapo vita vikatapakaa katika nchi yote ya Tanganyika hadi Msumbiji na Zambia ya leo, na jemadari wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, hakusalimu amri hadi tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza. Mpaka uliogombaniwa ulikuwa haujafikisha hata miaka 30 tangu uchorwe na mataifa hayohayo mawili, nao ulikuwa umewapasua Wadigo, Wataveta na Wamaasai katikati. Mtu alijikuta adui wa binamu yake kwa sababu ya mstari ambao hakuna aliyemwonyesha ulipopita.

Hapa yafaa tulinganishe na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Utenzi huo unasimulia vita vya miaka ya 1888 na 1889, wenyeji wa pwani walipoinuka dhidi ya Wajerumani. Huko kuna pande mbili zinazoeleweka: mgeni kaja kutwaa, mwenyeji anakataa. Abushiri ana cheo chake katika masimulizi, na kunyongwa kwake Pangani ni tukio lenye uzito wa kishujaa. Umbo la utenzi wenyewe linadai shujaa. Miaka 25 baadaye hali imegeuka: wageni wawili wanapigana, na mwenyeji si upande wowote, yeye ni uwanja na ni punda. Riwaya ya Gurnah inahitaji umbo jingine kabisa, lisilo na jemadari wala wimbo wa ushindi, na ndiyo sababu anayeingia Peponi na kigezo cha ushujaa alichokizoea katika tendi hutoka mikono mitupu.

Ufunguo wa riwaya, kwa maoni yetu, ni neno rehani. Yusuf analelewa akiamini kwamba Aziz, tajiri anayewatembelea nyumbani na kumpa sarafu, ni jamaa yao. Anachukuliwa kwa jina la ujamaa huo. Ni Khalil, rehani mwenzake, anayemzindua dukani: yule si jamaa yako, ni bwana wako. Kwa hiyo tangu mwanzo riwaya inatufundisha kulitilia shaka neno linaloonyesha udugu. Lugha ya ukoo inafunika hesabu ya deni. Tazama pia Mzee Hamdani, mtunza bustani, aliyekataa alipopewa uhuru, kwa hoja kwamba anayempa hakuwa na mamlaka juu ya kitu hicho tangu awali. Watahiniwa wengi humpita mzee huyu kama mhusika mdogo wa kupamba mandhari. Ni kosa. Yeye ndiye anayeuliza swali ambalo Yusuf hawezi kulijibu: nani mwenye haki ya kuniamuru, na nani mwenye haki ya kuniachilia?

Ukishaiona rehani, unaelewa kwamba msafara wa askari hauleti jambo jipya. Mjerumani anawachukua watu wa mji kulipia ugomvi wake kama Aziz alivyomchukua mtoto kulipia hesabu yake. Yusuf anapokimbia, hatoki utumwani kuingia uhuruni, wala hatoki kwa wenzake kwenda kwa adui. Anabadilisha mwenye rehani. Komeo la bustani ni muhimu hapa: mlango uliokuwa pepo yake umefungwa nyuma yake, na mbele kuna njia moja tu yenye watu.

Kuna jambo ambalo wahakiki hulipitia haraka mno. Tunapozungumzia mwisho huu tunasema Yusuf amewafuata askari. Lakini msafara ule una watu wa aina mbili, wenye bunduki na wenye mizigo, na riwaya inaishia kabla hatujajua atawekwa wapi. Tofauti hiyo si ndogo. Aliyevaa sare alipewa mshahara na heshima ya kuogopwa. Mpagazi alipewa mzigo. Upande wa Waingereza pekee wapagazi waliokusanywa kutoka makoloni mbalimbali walikaribia milioni moja, na waliokufa, kwa hesabu za serikali zenyewe, walipita 90,000. Hapa kwetu sheria ya mwaka 1915 iliruhusu watu kulazimishwa, na mwaka 1917, chini ya John Ainsworth, msako wa kuwakamata wanaume ulienea wilaya baada ya wilaya. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, kwa kulishwa unga wa mahindi usioiva, na kwa baridi na mvua. Jina la kikosi chao, lililotamkwa Kariakoo, limebaki Dar es Salaam na, kwa tahajia ya Kariokor, Nairobi. Leo mtu huenda huko kununua vyondo na nyama choma, na sidhani wengi hufikiria kwamba wanakanyaga kambi.

Mwalimu aliye Nairobi anaweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye Barabara ya Kenyatta, penye sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928. Mmojawapo wa wale watatu ni mpagazi. Chini yake kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yale ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling. Ni matini ya Kiswahili iliyo wazi kwa kila mpita njia, na inastahili kuhakikiwa kama shairi lolote. Inawasifu wapagazi kwa kuwafananisha na viungo vya mwili wa jeshi, vile vya kutembelea na vya kushikia. Taswira hiyo ni ya heshima, lakini tujiulize, kichwa ni nani? Kisha inasema walikufa kwa ajili ya mfalme na nchi yao. Hapo ndipo tunarudi kwa Aziz. Nchi yao ni ipi, Uingereza? Neno hilo la umilikaji linafanya kazi ileile ya neno la ujamaa katika riwaya: linamfanya rehani ajione mwana wa nyumba.

Kinaya kikubwa kiko mwishoni mwa maandishi hayo. Yanaahidi kwamba anayefia nchi yake, jina lake litakumbukwa na wanawe. Hakuna jina hata moja lililochongwa pale. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti iliyokiri kwamba waliokufa katika vita hivyo bila kuandikwa majina yao, au bila kukumbukwa kabisa, ni kati ya 116,000 na 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, ikaomba radhi. Haya ndiyo niyaitayo kinaya cha kweli. Mtahiniwa aliyekuwa akikariri maana ya istilahi hiyo bila mfano ameupata.

Tunao pia wimbo wa Funga Safari, ambao askari wa Keya waliuimba wakitembea na ambao wengi wetu tuliufundishwa shuleni kama wimbo wa gwaride. Umejengwa kwa swali na jibu. Kiongozi anauliza safari ni kwa amri ya nani, na waitikiaji wanamtaja ofisa na kikosi chake. Wimbo hauendi mbele zaidi ya hapo. Hauulizi ofisa kaamriwa na nani wala kwa nini. Lakini kwamba swali lenyewe limo ndani ya wimbo wa jeshi, likirudiwa hatua kwa hatua, ni jambo la kuzingatiwa na kila anayefundisha fasihi simulizi. Mzee Hamdani angeuimba kwa sauti nyingine.

Kuna watakaosema kwamba mtu daima ana hiari, na kwamba Yusuf angeweza kubaki. Tuwajibu kwa mfano wa Kasigau. Mlima huo uko Taita, karibu na mpaka wa wakati ule. Mwaka 1915 Wajerumani waliushambulia na kuuteka. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba walimsaidia adui, na adhabu haikumwangukia fulani na fulani. Jamii nzima ilihamishwa hadi Malindi. Wakulima wa mlimani wakatupwa katika joto la pwani, na wengi wakafa huko. Hawakuruhusiwa kurudi mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Watu hawa hawakuwa wamefuata msafara wa mtu. Walibaki kwao, na kubaki huko kukahesabiwa kuwa usaliti. Neno msaliti, basi, katika vita vya wageni, hutolewa na mgeni. Mtahiniwa anayempachika Yusuf neno hilo na aeleze anasema kwa niaba ya nani.

Si kwamba tunamtakasa Yusuf. Gurnah mwenyewe amelirudia suala hili katika Afterlives ya mwaka 2020, na humo hakuna anayeponea katika kujitolea. Hamza anajiunga na jeshi la Kijerumani kwa hiari na karibu afe mikononi mwa mmoja wa wakubwa wake wa Kijerumani. Ilyas, aliyewapenda Wajerumani kwa dhati, anaishia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, mahali alipofia mwaka 1944 askari wa kweli kutoka Dar es Salaam, Bayume Mohamed Husen. Mapenzi ya rehani kwa bwana hayaandikwi upande wa malipo.

Katika kujibu swali la insha kuhusu mwisho wa Peponi, kwa hiyo, mwanafunzi aanze na matukio ya ukurasa wenyewe kwa mfuatano wake: maficho, nyufa, mbwa, komeo, mbio. Asikimbilie hukumu. Aonyeshe kwamba aibu ndiyo inayomsukuma Yusuf, wala si itikadi, na kwamba aibu hiyo inatokana na kujiona akila makombo ya kila bwana. Kisha, kama nafasi ipo, amtazame Khalil. Yeye amejificha mlango uleule, ameyaona yaleyale, na deni lake lilikwisha kufutwa dadake alipoozwa kwa Aziz. Hakuna anayemshika. Mji umetekwa watu, barabara iko wazi, na Khalil anabaki dukani.